Sinia la Mtama Barazani

Rehema na Tatu, wadogo zangu,

Nimestaafu. Tangu jana jioni, nilipoosha sufuria kubwa na kuipindua juu ya kichanja, mi si mpishi wa nyumba hii tena. Miaka sita imeisha. Kesho asubuhi bodaboda inakuja kunipeleka Ruangwa kuanza chuo, begi limeshafungwa, kukaa siwezi, kutulia siwezi, kwa hiyo acha niandike. Mnaoshika mwiko baada yangu ni nyie, na najua mkishafika hapa Nachingwea kutoka Nkowe, Bibi atawaambia, "Angalieni tu, mtajua." Si kweli. Mi niliangalia tu, na sikujua kitu.

Habari za vyeo sina. Jikoni kuna cheo kimoja, na mshahara wake ni ukoko. Nitawaambia mambo ya kazi, halafu nitawaambia jambo moja la Ramadhani ya mwaka juzi ambalo halijatoka nje ya nyumba hii. Msilirukie. Someni kwa mpangilio.

Siku ya kwanza ilikuwa wiki ileile niliyomaliza mtihani wa kidato cha nne. Bibi alikuwa ameanza kuumwa kiuno, kuinama kwenye mafiga hawezi. Akakaa kwenye kigoda mlangoni, akaniambia leo pika wewe, pika wali. Nikauliza maji kiasi gani. Akasema, "Tia kidole kiguse mchele, maji yafike kiungo cha kwanza." Nikatia, yakafika, nikafunika, nikafurahi. Kilichotoka ni uji. Sisemi wali laini, nasema uji, unamiminika. Babu akaletewa sahani yake, akaitazama, akauliza, "Nani anaumwa humu ndani?"

Bibi hakunigombeza. Alichukua mkono wangu akaulaza juu ya wake, kidole kwa kidole. Changu kimekipita chake karibu nusu kiungo.

"Haya mavidole umeyatoa wapi wewe?"

"Kwa Babu."

"Basi ndiyo maana amekula uji. Kajipikia mwenyewe."

Kwa hiyo kila mtu ana kidole chake. Rehema, wewe una mkono mfupi kama wa Bibi, kidole kinakufaa. Tatu, wewe usijaribu. Chukua kikombe cha bati. Mchele wa mashine, ule mweupe, kikombe kimoja kwa maji kikombe kimoja na nusu. Mchele wa kinu, ule anaotuletea mama yenu, unaobaki na ngozi yake nyekundu, kikombe kimoja kwa maji vikombe viwili na kidogo, na uloweke kwanza angalau muda wa kufua nguo na kuzianika. Mtu akiwaambia mchele wa kinu hauivi, muulizeni aliuloweka saa ngapi. Mara nyingi atanyamaza.

Maji yakishakauka, toeni moto chini, bakizeni kidogo tu, makaa mengine wekeni juu ya mfuniko. Kupalia ndiyo nusu ya mapishi ya wali, na watu wanaiacha kwa sababu wana haraka. Mi mwenyewe nina haraka kuliko wote na nilikuwa naiacha. Nafunua kila dakika kuangalia. Bibi alikuwa ananiambia, "Wewe wali unaupikia macho." Mpaka siku moja akakalia kigoda chake karibu na sufuria na fimbo ya kufukuzia kuku mkononi, na ndiyo siku nilipopika wali wa kwanza uliochambuka punje kwa punje.

Ungo ulinichukua miezi mitatu. Mchele mzima unatakiwa urudi kwako, chenga ziende mbele, pumba ziruke. Kwangu vyote viliruka. Mwezi wa kwanza kuku walikuwa wakiniona nimeshika ungo wanakuja wenyewe bila kuitwa. Siri si mkono, siri ni kiwiko kibane ubavuni. Hilo hakunifundisha Bibi, alinifundisha Mama Anjela.

Mama Anjela mtamwona siku hiyohiyo mtakayofika, nyumba yake iko nyuma ya ua wetu. Ni Mmakonde, wazazi wake walitoka Msumbiji, Jumapili yuko kanisani na Jumatatu yuko shambani kwake Lionja. Ana sauti kubwa, msiogope. Bibi ndiye mwalimu wa wali, Mama Anjela ndiye mwalimu wa mtama. Wao wawili wamekaa majirani tangu mi sijazaliwa, na kila mmoja anaamini chakula cha mwenzie ni cha kuonjea tu.

Sasa Babu.

Mnajua Babu ana sukari. Mnachokijua nyie ni baada ya kutulia. Mwaka juzi ilikuwa haijatulia kabisa. Alijikwaa kisiki kwenye mikorosho yake, kidole gumba cha mguu wa kulia, kidonda kidogo tu, na kidonda hakikufunga. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Kikawa cheusi pembeni. Mi ndiye niliyempeleka kliniki, kwa hiyo niliyasikia maneno kwa masikio yangu. Daktari alisema dawa ameze kila siku, kidonda kisafishwe kila siku, na chakula kibadilike: wali mweupe na sembe apunguze sana, ale dona, mtama, ulezi, mchele usiokobolewa, kwa kiasi, na kunde au choroko pembeni. Na Ramadhani inakuja, asifunge. Halafu akasema, "Mzee, mrudi baada ya wiki mbili. Kidole kisipoanza kukauka tutakikata, kisije kikala mguu."

Babu akamwambia, "Kidole changu kina kazi. Baiskeli nitakanyagia nini?"

Daktari akamwambia, "Basi kula mtama."

Tulipofika nyumbani Babu akakaa barazani, akatoa kiatu, akasema, "Mtama nimeula mwaka wa njaa mpaka nikaona rangi yake kwenye ndoto. Niliapa nikipata mpunga sirudi nyuma. Daktari yule mtoto, hajui njaa."

Nikaanza na dona. Akasema ina mchanga. Nikasaga upya, nikachekecha, akasema mchanga umepungua. Hakula. Nikampikia mchele wa kinu, akauliza kwa nini mchele haujaoshwa. Siku ya nne akaanza kula kidogo bila ugomvi, na mi nikafurahi sana, nikamwambia Bibi tumeshinda. Kesho yake nikatumwa sokoni. Nikamkuta Babu kwa mama lishe, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, mbele yake sahani ya wali mweupe umepanda kama kichuguu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umefuata nini huku?"

"Vitunguu."

"Vitunguu viko upande ule."

"Nimeona nipite huku."

"Basi pita."

Mama lishe akauliza, "Mzee, nikuongezee?" Babu akanitazama, akafikiri, akasema, "Mletee huyu mtoto." Wali ukaletwa, ukawekwa mbele yangu, na Babu akaula.

Nilirudi nyumbani bila vitunguu na nikalia kwa hasira. Mama Anjela akanisikia kutoka ng'ambo ya ua. Akaja na kibaba cha mtama mweupe. "Acha kulia. Unampa dawa, ndiyo maana hali. Mpe chakula."

Alichonifundisha ndicho hiki, na ukurasa huu msiuchafue. Mtama usiukoboe, ukiukoboa umebaki na nini. Upepete, uoshe, uloweke tangu asubuhi. Uchemshe kwenye maji mengi, na maji ya kwanza yakishabadilika rangi umwage yote, uchungu unakwenda nayo. Weka maji mapya, chemsha mpaka punje ikibanwa na vidole inapasuka lakini haibondeki. Hapo tia choroko zilizolowekwa. Kaanga kitunguu kando mpaka kiwe cha kahawia, mimina humo, halafu tui, jepesi, nazi moja tu. Chumvi mwisho kabisa. Ukiitia mapema choroko zinabaki ngumu kama changarawe. Ikauke, upalie makaa juu kama wali.

Mara ya kwanza nilitumia mtama mwekundu kwa sababu ndio uliokuwepo, na maji ya kwanza sikumwaga, nilikuwa na haraka. Mama Anjela akaonja, akatema. "Huu ni wa kufukuzia ngedere." Mara ya pili akaonja, akachota tena, akasema, "Funga kwenye bakuli nimpelekee mume wangu." Nilikimbia mpaka kwa Bibi na mwiko mkononi.

Ramadhani ikaingia ikiwa zimebaki siku nane turudi kliniki. Babu alikubali kutofunga, ila hakutaka watu wajue. Mchana anakula stoo, kwenye magunia, mlango umerudishwa. Jioni anakaa barazani na wazee wenzie kama kawaida. Nyumba nne zinafuturu pale kwetu, mnajua. Wakishafungulia kwa tende na uji wanaswali, wakimaliza kuswali masinia yanaingia, kila nyumba lake. Na hapo ndipo kazi yangu yote ilipokuwa inaharibika. Mchana nampa mtama stoo, jioni masinia matatu ya wali mweupe yako mbele yake na hakuna wa kumzuia. Mkono wa mtu mzima barazani huwezi kuushika.

Nikaona dawa ni moja. Sinia letu liwe mtama, na liwe zuri kuliko yote.

Babu aliposikia akasema taratibu, maana alikuwa amekasirika kweli, "Ukiniletea mtama mbele za watu, mi nahamia Ruangwa kwa mdogo wangu. Watasema nyumba yangu imekwisha."

Bibi akamjibu, "Ukihamia huko ondoka na kidole chako, usituachie."

Akanigeukia. "Pika."

Nikachagua siku. Mtama nikauloweka asubuhi, choroko nikaziloweka, nazi nikakuna. Na asubuhi ileile nikaingia kwenye siku zangu.

Hapa naandika polepole. Nyie mmechezwa unyago, mmefundishwa, chumvi mnaijua. Sitaandika yote kwa sababu daftari halina mlango. Ila kwa kifupi, ukiwa kwenye siku zako chumvi hutii kwenye chakula cha watu. Kitawakamata kifua wakohoe, na mwenye kidonda, kidonda chake hakifungi. Ndivyo tulivyoambiwa. Mama Anjela naye kwao ni hivyohivyo, kanisa halikubadilisha. Nyumba hii siku zote nikiwa kwenye siku zangu Bibi ndiye anayetia chumvi, yeye ameshapita umri. Lakini Ramadhani inaleta kichekesho chake: Bibi anatia chumvi ila amefunga, haonji hata kwa ncha ya ulimi. Mi naonja, maana sijafunga, ila sitii. Kwa hiyo tunapika wawili kama kipofu na kiwete.

"Ongeza, Bibi."

"Kiasi gani?"

"Vidole vitatu."

"Vyangu au vyako?"

"Vyako. Vyangu itakuwa kachumbari ya baharini."

Mchana wa siku hiyo nilikula stoo na Babu, wawili tusiofunga. Yeye kwenye gunia la mbaazi, mi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuniuliza kwa nini nakula, na mi sikumwambia. Tuligawana kiazi kimoja cha jana, tukatafuna tunaangalia ukutani.

Baada ya alasiri mtama umeshaiva, choroko zimeingia, tui linachemka, imebaki chumvi na kupalia. Akaja mtu mbio kumwita Bibi, binti wa nyumba ya tatu uchungu umemshika, na mkunga wa hapa ni Bibi. Bibi akafunga kanga kiunoni. Nikamwambia, "Chumvi, Bibi." Akatazama sufuria. "Choroko bado. Nitarudi kabla ya magharibi." Akapita mbele, barazani, akaenda.

Magharibi ikaadhiniwa. Bibi hakurudi. Nikawasikia wazee wanakunywa uji, nikasikia ndala zinavuliwa, wanapanga safu. Sufuria imekauka, harufu yake inakwenda mpaka barabarani, na haina chumvi hata chembe. Nikachungulia ng'ambo ya ua, Mama Anjela hayupo, alikuwa Lionja kwenye ufuta wake. Na hata angekuwepo, yeye mwenyewe hajapita umri.

Najua mnachosema. Weka chumvi kwenye kisosi pembeni ya sinia, kila mtu atie yake. Nami nilichukua kisosi. Nikakishika. Halafu nikaona sura za wale wazee. Kisosi cha chumvi pembeni ya sinia kwetu ni tangazo, hakuna mtu mzima asiyelijua. Ningemtolea Babu mtama aliouapia, mbele za watu, na juu yake nimtangazie habari za mjukuu wake. Angenyanyuka pale pale, Ruangwa asingefika lakini sinia angelihama, na wale watatu wanamsogezea wali mweupe. Kupeleka bila chumvi ni vilevile, tonge moja na basi. Na siku zilizobaki ni sita.

Kutia mwenyewe, ni kidonda chake.

Nilisimama na kile kisosi mpaka wakatoa salamu ya mwisho. "Assalaam alaykum warahmatullah," kulia, kushoto. Nikazamisha vidole vyangu, hivi virefu, nikatia mara tatu. Nikakoroga mara moja. Nikaonja. Ilikuwa tamu, jamani, ilikuwa tamu mpaka nikaogopa zaidi. Nikapakua, nikatanda kanga vizuri, nikapeleka.

Nilijificha nyuma ya mlango. Kuna mzee mmoja wa nyumba ya pili, ana maneno sana, mkishamwona mtamjua. Akasema, "Nyumba hii leo mmetuletea nini, chakula cha njiwa?"

Wakacheka. Babu hakucheka. Alikuwa ametazama lile sinia, mikono magotini. Nikahesabu. Nikafika kumi na moja. Akasema, "Lete maji ninawe." Akanawa, akakata tonge la kwanza yeye, akatafuna muda mrefu. Akasema, "Njiwa wana akili." Akakata la pili.

Basi yule mwenye maneno akajaribu. Halafu akavuta sinia karibu. Mwenzie akamwambia, "Wewe si ulisema cha njiwa?" Akajibu, "Nami nina mbawa, niache." Lile sinia lilirudi limelambwa, na sinia moja la wali mweupe likarudi kwa wenyewe na nusu yake. Kesho yake nyumba ya pili wakaagiza kuuliza mtama unapikwaje.

Mngeniona mngedhani nina furaha. Ilikuwepo, na hofu ilikuwepo. Alfajiri Babu akakohoa. Alikuwa anakohoa kila alfajiri tangu nimjue, lakini ile nikaihesabu. Saba. Asubuhi nikamsafisha kidonda, nikakisugua kwa haraka, akaniambia, "Taratibu, si samaki." Nikaona kama kimezidi weusi. Mchana nikaona kama kimepungua. Mtu ukitazama kitu kwa hofu hukioni.

Siku ya tatu nikashindwa. Nikamwambia Bibi tukiwa tunachambua choroko. Alijua tu hakurudi kwa wakati, mtoto wa kule alitanguliza miguu, na alidhani nilipata mtu wa kutia. Nilipomaliza kusema aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine.

"Mara ngapi ulitia?"

"Mara tatu."

"Mwenye kidonda anajua?"

"Hajui."

"Basi sikiliza. Kikipona, nitasema ni dawa ya daktari. Kisipopona, mi na wewe tutajua ni nini, na tutakufa nalo. Sikulaumu, mi ndiye niliyechelewa. Lakini usinitake niseme si kitu. Siwezi kusema hivyo."

Nilitaka anikumbatie. Alinipa ungo. Zile siku zilizobaki kila baada ya alasiri alikaa kwenye kigoda chake jikoni mpaka sinia litoke, hata alipoitwa alisema subirini. Chumvi alitia yeye. Na kila jioni ulitoka mtama, au dona na kunde, au mchele wa kinu na mbaazi, na Babu alikula sinia la nyumbani kwake kwa sababu wenzie walikuwa wanaligombania, na kitu kikigombaniwa Babu hakubali kuachwa.

Siku ya kliniki daktari alifungua kitambaa, akainama, akabonyeza pembeni. Mi nilikuwa nimeshika ukuta. Akabonyeza tena. Akasema, "Hapa nyama mpya imeanza. Mmefanya nini?"

Babu akasema, "Muulize huyu."

Daktari akasema tuendelee vilevile, kidole hakikatwi, turudi baada ya wiki mbili nyingine. Ukucha ulikuja kutoka wenyewe mwezi uliofuata na haujarudi vizuri mpaka leo, mtauona. Kidole kipo.

Mchana ule tuliporudi nikampelekea Babu chakula chake stoo. Sahani ya mtama na choroko. Nikageuka kuondoka, nilikuwa nimeshamaliza siku zangu, nimefunga. Akaniita.

"Ile siku ya kwanza ya mtama barazani. Nilimwona bibi yako anapita mbele yangu kwenda kwa wenye uchungu. Na sikumwona anarudi."

Nikarudisha mlango wa stoo.

"Na mchana wake tulikula wote kiazi hapa."

Nikasema, "Babu, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nilinawa mikono nikijua. Nilikaa pale nikasema, huyu mtoto anaogopa hili jambo kuliko mimi ninavyoliogopa, na bado ametia. Basi na mimi nile." Akachota mtama, akatafuna. "Ila mkono wako mzito. Ilizidi."

Kama ni dawa, kama ni mtama, kama ni kidonda kilikuwa kimeshaamua chenyewe, mi sijui na sitawadanganya. Na habari ya chumvi sitawaambia mfanye nini. Bibi mmoja mnaye, anaitia kwa moyo, muulizeni yeye. Mi kazi yangu ilikuwa nafaka, na hiyo nimewaandikia.

Siku ile sikuondoka stoo haraka. Babu akasogeza gunia kwa mguu, ule wenye kidole.

"Njoo ule."

"Nimefunga, Babu."

"Haya. Basi kaa hapo, nisile kama mwizi."

Nikakaa kwenye ndoo mpaka akamaliza. Ramadhani ikija, mfanye hivyo na nyie. Mkishampa sahani yake, kaeni.